Nyumba yenye dohani katika joto la Usangu

Nianze na kisa kidogo cha utotoni. Nilikuwa darasa la tatu. Shule yenyewe siitaji, na mwalimu wangu simlaumu, maana naye alifundishwa hivyo hivyo. Siku hiyo aliingia darasani akachora nyumba ubaoni. Ilikuwa na paa la pembetatu, madirisha mawili ya mraba, mlango katikati, na juu ya paa dohani inayotoa moshi uliojikunja vizuri kama mkia wa nguruwe. Akasema, "Choreni." Wenzangu wakachora. Mimi nikachora nyumba ya bibi yangu mzaa mama, ya nyasi, ambayo moshi wake ulipenya katikati ya nyasi zenyewe kama ilivyo desturi ya moshi wa jikoni. Nikapata tatu juu ya kumi. Nilipouliza kosa langu, nikaambiwa sikuchora dohani.

Sina ugomvi na dohani. Ukipanda Mufindi kwenye mashamba ya chai utaziona, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba kule inazidai. Lakini hivi karibuni nilikwenda Madibira, wilayani Mbarali, kufuatilia habari za mpunga. Wasiopafahamu wajue kwamba Madibira ipo mkoani Mbeya, mpakani na Iringa, chini kwenye tambarare ya Usangu, na maji ya mto Ndembera yanayotelemka kutoka nyanda za juu ndiyo yanayonywesha skimu yake ya umwagiliaji yenye hekta zipatazo 3,000. Ni mahali pa jua. Nikapita katika shule moja ya msingi kumsalimu mwalimu tuliyefahamiana zamani, na ubaoni, kwa chaki nyeupe, nikaikuta nyumba ile ile. Paa la pembetatu, madirisha mawili, na dohani. Miaka zaidi ya 30 imepita na moshi bado unatoka!

Nilicheka, kisha nikaona kwamba jambo lenyewe si la kucheka. Mtaala mpya wa elimu ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka katika shule za msingi somo la Sanaa na Michezo. Kwa hiyo swali la nini achore mtoto, na achore kwa kumtazama nani, limekuwa swali la ratiba na mtihani. Wengi wanadhani ni swali la jana. La hasha. Limewahi kuulizwa, na mojawapo ya majibu makubwa lilijaribiwa jirani kabisa na hapo Madibira, katika shule ya Malangali, upande wa Mufindi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1924 ilifika Afrika Mashariki tume kutoka Marekani, Tume ya Phelps-Stokes, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa mwalimu mashuhuri wa Kiafrika kutoka Gold Coast, yaani Ghana ya leo, Dakta James Aggrey. Tume ilizunguka, ikatazama shule, ikasema elimu ya Mwafrika ilinganishwe na mazingira yake, iwe na kilimo, afya na kazi za mikono, na isiwe nakala tupu ya elimu ya Uingereza. Serikali ya Kikoloni ikalipokea wazo hilo. Hapo ndipo anapotokea ofisa mmoja wa Idara ya Elimu ya Tanganyika, Bwana W. Bryant Mumford.

Mumford aliianzisha Malangali mwaka 1928 kwa nia ya kujenga shule juu ya mila za Wahehe, Wabena na Wasangu. Wavulana walivaa mavazi ya jadi badala ya kaptula. Wazee waliletwa shuleni wafundishe historia na desturi za makabila yao. Jioni kulikuwa na ngoma, na kutupa mkuki kulihesabiwa kuwa mchezo wa shule kama vile mpira ulivyo mchezo wa shule. Mumford mwenyewe aliandika makala kuhusu jaribio lake, ikachapishwa Uingereza mwaka 1930, na wakubwa wa elimu wa makoloni wakaizungumza sana.

Ukiisoma habari hii leo, haraka haraka unaweza kupiga makofi. Mzungu wa mwaka 1928 anaheshimu mzee wa Kisangu! Lakini subiri kwanza. Waafrika wengi wa wakati ule hawakupiga makofi. Walinusa hila. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome hakutaka arudishiwe mtupa mkuki. Watupa mkuki alikuwa nao nyumbani. Alitaka kijana anayeweza kusoma barua ya Bwana Shauri, na ikiwezekana kuijibu. Mtu alijiuliza: kama ngoma na mkuki ndiyo elimu bora, mbona watoto wa Wazungu hawafundishwi? Na swali hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa sahihi. Mumford alipoondoka, jaribio likafifia, na Malangali ikawa shule ya serikali kama nyingine, na baadaye sekondari inayojulikana hadi leo.

Kuna kosa jingine katika Malangali ambalo halisemwi sana. Mumford aliichukua mila ya Wahehe kana kwamba ni chungu kilichofunikwa, hakijapata kuingia kitu wala kutoka kitu. Sasa tazama huo mkuki wenyewe. Wanahistoria wanatueleza kwamba Wasangu, katika karne ya 19, walijifunza mbinu za vita kutoka kwa Wangoni, ambao walizileta kutoka kusini mwa Afrika katika safari yao ndefu iliyotokana na vurugu za enzi ya Shaka wa Wazulu. Wahehe nao wakajifunza kwa Wasangu, kisha wakawafukuza walimu wao kutoka Usangu, hata akina Merere wakaenda kukaa Usafwa. Jeshi lililowapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 lilikuwa na elimu ya nchi nyingi ndani yake. Kwa hiyo kijana wa Malangali aliyerusha mkuki kama "mila yake" alikuwa, bila kuambiwa, anasoma mila za dunia.

Miaka michache baada ya Malangali, wazo la namna hiyo liliibuka Uganda, safari hii katika uchoraji. Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, alikuwa amekuja Kenya mwaka 1929 na mumewe aliyekuwa daktari, akapendezwa na kazi za mikono za Wakamba. Walipohamia Kampala, alianza kufundisha sanaa barazani kwa nyumba yake kabla darasa lake halijaingizwa rasmi Chuo cha Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930. Mama huyu alikuwa mwanafunzi wa mwalimu mmoja wa London, Marion Richardson, ambaye hakumwekea mtoto picha ya kunakili. Alimwambia afumbe macho, akamsimulia jambo, kisha mtoto akachora kile alichokiona moyoni. Na wazo la kwamba mtoto ni mchoraji wa haki yake lilikuwa limepamba moto tangu Franz Cižek alipofungua madarasa yake ya watoto mjini Vienna mwaka 1897.

Trowell akafanya hivyo hivyo Makerere. Alisimulia kisa, vijana wakachora. Hakupenda kuwaonyesha picha za Kizungu, akihofu wataziiga. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa London.

Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Mtanganyika, Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Ntiro alichora watu wa kwao: wanaolima, wanaovuna, wanaobeba pombe ya ndizi kwenda harusini usiku. Akapelekwa Slade, chuo maarufu cha sanaa cha London, akasoma, akarudi, na bado akachora mlima na migomba kwa namna yake mwenyewe. Picha yake hiyo ya wabeba pombe ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 alikuwa Balozi wetu wa kwanza Uingereza, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Nikiuliza vijana wa mjini leo wamtaje mchoraji mmoja wa Tanzania watasema Tingatinga, na si vibaya, lakini Ntiro amesahaulika kupita kiasi.

Je, Trowell alikuwa sahihi? Nusu. Alimwokoa mwanafunzi asinakili dohani. Lakini kumkinga kijana wa Kiafrika asione picha za walimwengu wengine ni aina ya kufuli pia, hata kama aliyefunga anakupenda. Mchoraji wa Paris aliruhusiwa kuchungulia vinyago vya Kongo na Afrika Magharibi, akaviiga, akatajirika. Kwa nini mchoraji wa Kampala asichungulie Paris? Trowell alipostaafu mwaka 1958, aliyemfuata, Cecil Todd, aliyekuwa amefundisha Afrika Kusini, alifungua mlango huo. Akafundisha nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya dunia. Wapo waliosema ameiharibu Makerere, wapo waliosema ameikomboa. Mabishano yale hayajaisha.

Wala haya si mabishano ya Waafrika peke yao. Japani, ilipoanzisha shule za kisasa katika karne ya 19, iliwapa watoto penseli na vitabu vya uchoraji vya Kizungu. Baadaye wakubwa wakashtuka kwamba wanapoteza brashi na wino wa mababu, na miaka ya 1880 brashi ikarudishwa shuleni kwa kishindo. Basi Wajapani wakagombana, penseli au brashi, kwa miaka. Halafu mwaka 1919 msanii Yamamoto Kanae, aliyekuwa ameona picha za watoto mjini Moscow alipopitia huko, akafanya maonyesho ya michoro ya watoto katika mkoa wa Nagano, akasema tatizo si penseli wala brashi, tatizo ni kunakili. Mtoto aliyenakili kwa brashi ya babu yake hana tofauti na aliyenakili kwa penseli ya mgeni.

Meksiko nao, baada ya mapinduzi yao ya mwaka 1910, walitaka mtoto achore kama Mmeksiko. Adolfo Best Maugard alichunguza kazi za kale za wenyeji, za kabla ya Wahispania, akaona kwamba mapambo mengi yanatokana na alama saba tu: duara, nusu duara, mzunguko wa konokono, herufi S, mstari wa mawimbi, mstari wa meno ya msumeno, na mstari ulionyooka. Mwaka 1923 akachapisha njia yake, na maelfu ya watoto wa shule wakafundishwa. Ilikuwa kama kuwapa herufi, kisha kila mmoja aandike barua yake. Nasikia uchovu wa wale waliosema kwamba alama saba nazo ziligeuka sheria, lakini wazo hilo mimi nalipenda, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya hapo tumsikilize Mwalimu. Tarehe 10 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Rais Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliuliza ni wangapi kati yetu waliofundishwa shuleni nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe, ilhali tulifundishwa za Wazungu, na wangapi wanaoijua gombe sugu kama wanavyoijua rumba. Sehemu hiyo hunukuliwa kila mara kwenye sherehe. Sehemu inayofuata hunukuliwa mara chache: kwamba watu wanaokataa kujifunza chochote cha wageni ni watu wasio na akili timamu, na kwamba binadamu asingeendelea kama kila taifa lingejifungia. Mwalimu aliziweka sentensi hizo mbili pamoja makusudi. Sisi tumeitumia moja kwa ngoma za mapokezi, na ya pili tumeiachia runinga.

Sasa turudi Madibira, tuingie darasani. Mwalimu yule aliniambia darasa lake lina watoto wa Kisangu, wa Kihehe, wa Kibena, wa Kikinga na wa Kinyakyusa, na wengi wa Kisukuma ambao wazazi wao walihamia Usangu na mifugo tangu miaka ya 1970. Wamo pia wa Kimaasai. Ukienda mbele kidogo, Rujewa na vijiji vya jirani, utakuta Wabaluchi, ambao babu zao walitoka upande wa Iran na Pakistan ya leo, wakafika na misafara, wakaselelea, na ndio wanaokumbukwa kwa kuanzisha kilimo cha mpunga wa kumwagilia katika Usangu. Darasa la namna hiyo halihitaji ndege ili kuona tamaduni za dunia. Zimeketi kwenye madawati, zingine tatu kwa dawati moja.

Nilimwomba mwalimu afute ile nyumba na awaambie watoto wachore chombo cha kubebea au kuhifadhia kitu nyumbani kwao. Wakachora. Mmoja akachora kibuyu cha maziwa chenye mkanda wa shanga. Mwingine kikapu, mwingine chungu cha maji. Wako waliochora ndoo ya plastiki, na ndoo ni chombo pia, sikuwacheka. Aliyechora kikapu aliweka mstari wa meno ya msumeno kuzunguka mdomo wake, na aliyechora kibuyu aliweka mstari huo huo kwenye shanga. Hawakuwa wamekaa pamoja. Hapo nikamkumbuka yule Mmeksiko na alama zake saba.

Unaweza kuanzia hapo, ukatembea mbali. Kikapu cha milulu cha Iringa, ambacho akina mama wa Kihehe husuka kwa majani ya majimaji, kinakupeleka kwa wasukaji wa dunia nzima. Chungu kinakupeleka Ikombe, ng'ambo ya Matema, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga kwa mkono bila gurudumu na kuvipakia vyungu kwenye mitumbwi ya Ziwa Nyasa kwenda sokoni. Na kutoka Ikombe unafika Kunduchi, ambako makaburi ya kale yalipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China. Mtoto akiyaona mabakuli yale atauliza yalifikaje, na hapo umemfundisha pwani, bahari na biashara bila kumchapa.

Tena jirani yuko na hazina. Isimila, karibu na mji wa Iringa, ni mahali ambapo zana za mawe za watu wa kale ziligunduliwa mwaka 1951, na wataalamu wakachimba mwaka 1957 na 1958. Mashoka yale yamechongwa pande mbili kwa ulinganifu ambao fundi wa leo angejivunia. Igeleke, pembeni mwa mji huo huo, kuna michoro ya mwambani. Jengo la zamani la Boma lililojengwa na Wajerumani mjini Iringa limekuwa makumbusho tangu mwaka 2016. Mtoto wa Madibira anaweza kufika, akipatikana mtu wa kulipa basi. Hilo la basi ndilo gumu.

Na hapa kuna jambo linaloniuma. Maelfu ya vitu vilivyotoka Tanganyika wakati wa Wajerumani, ngao, vinyago, viti, vyungu, vimo katika majumba ya makumbusho ya Ujerumani hadi leo. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954, miaka zaidi ya 30 baada ya Mkataba wa Versailles kuagiza lirudishwe. Vitu vingine vingi havijarudi. Maana yake ni kwamba mtoto wa Berlin, akipelekwa na mwalimu wake siku ya safari ya shule, anaweza kusimama mbele ya ngao kutoka nyanda zetu na kuichora, penseli mkononi, wakati mtoto wa Usangu anachora dohani.

Nilimweleza mwalimu mawazo haya kwa shauku yote ya mtu wa redio. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akanionyesha sanduku la vifaa: chaki, nusu boksi ya penseli za rangi, na madaftari. Akasema hakusomeshwa sanaa chuoni zaidi ya vipindi vichache, na kwamba kama ningemtafutia picha mbili tatu za vyungu vya nchi nyingine angezibandika ukutani kesho. Nikamuuliza kwa nini asimwite bibi mmoja wa Kihehe anayekaa nyuma ya shule na anayesuka milulu, aje afundishe saa moja kwa wiki. Akacheka. "Bibi yule tungemlipa kwa fungu gani?"

Jioni nilikwenda kwa bibi mwenyewe. Tukasalimiana, kamwene, tukakaa, akaendelea kusuka huku tukizungumza. Nilimweleza habari ya wazee wa Malangali walioitwa shuleni miaka karibu 100 iliyopita. Hakuwahi kuisikia. Nikamuuliza iwapo angekubali kufundisha, na kwa malipo gani. Akasema fedha hata wasipompa si neno, ila watoto hao kwanza wakamkatie milulu kule majimajini, kwa sababu magoti yake sasa yanakataa, na mkungu aliokuwa nao pembeni ulikuwa wa mwisho.